Kesi ya Madhara ya Mwili: Kudai si Kushtaki

Malili, kaunti ya Makueni, ni senta iliyokaa kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, jirani na ekari 5,000 zilizotengewa mji wa teknolojia wa Konza. Malori hayakomi kupita, na bodaboda zinavuka katikati yake. Gari likimgonga mtu hapa, jamaa zake husema, "Tutamshtaki huyo dereva." Neno hilo limewaponza wengi.

Kushtaki ni kazi ya serikali. Dereva akipelekwa kortini kwa kuendesha gari ovyo, hiyo ni jinai. Akipatikana na hatia anaweza kupigwa faini, na faini inaingia katika mfuko wa serikali. Kwa kawaida aliyevunjika mguu hapati hata ya kununulia dawa. Familia inasikia dereva "amehukumiwa", inarudi nyumbani ikidhani mambo yamekwisha, kumbe kesi yao wenyewe haijafunguliwa.

Kesi hiyo ni ya madai, na jina linaloifaa ni kesi ya madhara ya mwili. Wapo wanaosema "majeraha ya mwili", lakini jeraha ni kidonda au mfupa uliovunjika tu. Madhara yanabeba pia maumivu, kipato kilichokatika na kazi ambayo mkono hauiwezi tena, na yote hayo hakimu huyapima. Anayefungua kesi ni mdai, anayejibu ni mdaiwa, na kinachotafutwa ni fidia. Hukumu ya jinai haipotei bure hata hivyo: Sheria ya Ushahidi inaruhusu itumike katika kesi ya madai kuthibitisha kosa la dereva.

Mdai sharti athibitishe uzembe. Mtaani mzembe ni mvivu. Kortini ni mtu aliyekuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu asiutimize, na mwenzake akaumia kwa sababu hiyo. Uzembe unaweza kugawanywa pia. Mwendesha bodaboda aliyebeba abiria wawili bila kofia ya usalama anaweza kukatwa sehemu ya fidia, hata kama lori ndilo lililomfuata upande wake.

Kwa nini basi watu hushtakiana, samahani, hudaiana? Mara nyingi ni kwa ajili ya bima. Sheria ya Kenya inalazimisha kila gari liwe na bima ya mtu wa tatu, na kampuni hutakiwa kulipa kilichoamuliwa na korti, hadi shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Bila hukumu au mapatano, pesa hizo hazitoki. Ndiyo maana utamkuta kijana aliyegongwa na gari la Probox la mjomba wake akimdai mjomba huyohuyo.

"Mpwa wangu, kweli umenipeleka kortini?"

"Mjomba, shida yangu si wewe. Bila jina lako kwenye karatasi, bima hawanisikilizi."

Nadhani mazungumzo ya namna hii yangepungua makali kama tungezoea kusema kudai.

Muda nao una meno. Kwa kawaida mdai ana miaka 3 tangu siku ya ajali. Akiidai serikali, miezi 12 tu. Ipo njia ya kuomba nyongeza, ila ni nyembamba, na kungoja kidonda kipone kabisa hakutoshi kuipata. Aliyeumia kazini, tuseme kwenye mjengo wa Konza, hutumia njia nyingine: Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya 2007, ambayo huanzia kwa mkurugenzi wa usalama kazini kabla ya korti.

Kuna fidia ya jumla na fidia mahsusi. Ya jumla ni ya maumivu, na hakimu huikadiria kwa kutazama kesi zilizotangulia. Mahsusi ni gharama zenyewe, na hapa ndipo mama muuza nyanya hupoteza pesa zake: amelipa eksrei, magongo na nauli za kwenda hospitali, lakini risiti aliyobaki nayo ni ya eksrei tu. Korti itampa ya eksrei. Abstrakti ya polisi, fomu ya P3 na ripoti ya daktari hazijazi pengo hilo.

Limebaki la nani adaiwe. Sheria ya Trafiki humchukua aliyeandikishwa kwenye logibuku kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aliyeuza gari lake kwa mdomo bila kubadilisha jina anaweza kuletewa hati za korti kwa ajali ya gari ambalo hajaligusa kwa miaka.