Bodi Iliyopewa Jina la Baa, na Mwanafunzi Aliyeachwa Nje

Ukitaka kuanza kucheza na elektroniki leo, wa kwanza utakayemuuliza atakwambia: nunua Arduino Uno. Ni kweli, ila wengi hawajui kuna kijana aliyeweka msingi wa bodi hiyo na jina lake haliko popote juu yake.

Turudi Italia, mji mdogo wa Ivrea, mwaka 2003. Pale kulikuwa na chuo cha usanifu. Wanafunzi hawakuwa mainjinia, walitaka tu taa iwake mtu akipita, au mdoli acheze ukimgusa. Bodi waliyoitumia, BASIC Stamp, ilikuwa ghali kwa mfuko wa mwanafunzi na uwezo wake mdogo.

Mwanafunzi mmoja kutoka Colombia akaigeuza shida hiyo kuwa kazi yake ya shahada ya uzamili. Akatengeneza Wiring: bodi pamoja na programu yake, yenye amri rahisi ambazo hata mtu asiyejua kodi angezishika.

Mwaka 2005 msimamizi wake na wenzake wakaichukua kazi ile, ambayo ilikuwa wazi kwa yeyote, wakaweka chipu ya bei nafuu zaidi, ATmega8, wakatoa bodi yao. Jina je? Wakalichukua kwenye baa waliyozoea kukaa, ambayo nayo iliitwa kwa jina la Arduino, mfalme wa Italia aliyetawazwa mwaka 1002.

Bodi ikaenda dunia nzima. Kijana hakuwemo kwenye timu. Mwaka 2016 akaamua kuandika mwenyewe upande wake wa hadithi. Hakuna aliyeiba, maana kazi ilikuwa huria. Lakini kila ukiandika pinMode au digitalWrite, hizo ni amri zilizotoka kwenye Wiring yake.

Sasa, kwa wewe unayechagua bodi, kumbuka kila bodi ilizaliwa kutibu shida fulani. Uno, iliyotoka 2010, ni ya kujifunzia: inatumia volti 5 na sensa nyingi za bei rahisi zinaelewana nayo, ila Uno hiyo ya kawaida haina Wi-Fi. Shida hiyo ikatibiwa na ESP8266 kutoka China, mwaka 2014. Mwanzoni watu waliinunua kama moduli ya kuiunganisha Arduino na intaneti, kumbe inaweza kuendesha programu yenyewe! Kibarua kikawa bosi.

Kwa hiyo taa ya kuwasha kwa simu, chukua hiyo au mdogo wake ESP32. Ila angalia: hizi ni za volti 3.3. Sensa ya umbali ya HC-SR04 inarudisha volti 5, ukiichomeka moja kwa moja unaweza kuunguza pini. Weka rezista mbili za kupunguza volti katikati.

Haya, kijana wa Colombia alitendewa haki au alizungukwa? Dondosha maoni yako hapo chini.