Kiluwiluwi, si lava

Katika vitabu vyetu vya shule neno "lava" limebebeshwa mizigo miwili. Kwenye jiografia ni uji wa moto utokao volkeno; kwenye biolojia ni mtoto wa mnyama ambaye bado hajafanana na mzazi wake. Mimi huyu wa pili namwita kiluwiluwi. Jina hilo tunalo tangu zamani kwa mbu na chura, nalo linaonyesha kiumbe anayejinyonganyonga majini akiishi maisha yake mwenyewe.

Hayo maisha yake mwenyewe ndiyo yanayonivuta. Huko Australia, ufukweni mwa Sydney, wako nungu wawili wa baharini, wale wa mviringo wenye miiba: Heliocidaris tuberculata na Heliocidaris erythrogramma. Wakubwa wao wanafanana sana. Lakini kiluwiluwi wa yule wa kwanza ana mikono myembamba inayoshikiliwa na vijiti vya chokaa, ana mdomo na utumbo, na huelea kwa wiki kadhaa akila mwani mdogo usioonekana kwa macho. Wa pili hana mikono hiyo, wala hali kitu. Yai lake, lenye kipenyo kinachozidi mara nne cha lile la mwenzake, limejaa akiba ya chakula, na baada ya siku tatu au nne tu amekuwa nungu kamili. Koo hizi mbili ziliachana kama miaka milioni 4 iliyopita, muda mfupi kwa hesabu za viumbe.

Mwanabiolojia Rudolf Raff na wenzake walipokutanisha yai la huyu wa pili na mbegu ya yule wa kwanza, baadhi ya sifa zilizopotea zilirejea kwa chotara, utumbo ukiwemo. Matokeo haya waliyachapisha mwaka 1999. Kumbe badiliko kubwa lilipita kwenye kiinitete na kiluwiluwi, mwili wa mkubwa ukabaki karibu vilevile.

Ndiyo maana, kwa kubadilika huku kwa viumbe, napendelea pia neno "mageuko" kuliko "mageuzi". Mageuzi yana mtu anayegeuza, kama tunavyosema mageuzi ya kisiasa. Mageuko ni kitu kugeuka chenyewe, kizazi baada ya kizazi, na kinaweza kuanza kugeuka kikiwa bado ndani ya yai.

Walimu na wahariri wa vitabu vya sayansi, tuandikieni kiluwiluwi na mageuko. Lava tuwaachie wenye volkeno.