Eko ya moyo kwa mtoto mchanga

Wodini husikika "mtoto apigwe eko", na wengi huishia hapo. Jina kamili ni ekokadiografia. Anayetaka kumweleza mzazi kwa Kiswahili kitupu aseme "kipimo cha mwangwi wa moyo", kwani ndicho kinachotendeka: mashine hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, yanagonga kuta na vali za moyo, yanarudi, na mwangwi huo huchorwa kuwa picha. Hakuna mionzi, ndiyo maana kinaweza kurudiwa kwa mtoto yuleyule kila hali yake inapobadilika. "Kipimo cha moyo" peke yake hakitoshi, kwa sababu kile cha umeme wa moyo, chenye karatasi ya mistari, nacho huitwa hivyohivyo.

Walioanzisha njia hii ni daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz, mjini Lund, Uswidi, mwaka 1953. Mashine zao zilikuwa za kukagua nyufa ndani ya chuma.

Kwa watoto njiti, swali kubwa la eko mara nyingi ni mshipa mmoja mfupi. Tumboni mwa mama, mapafu hayajaanza kazi, hivyo damu nyingi huyapita kando kwa mshipa unaounganisha ateri ya mapafu na aota. Kwa mtoto aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi, mshipa huo huwa umejifunga ndani ya siku chache. Kwa njiti unaweza kubaki wazi. Damu ya aota inarudi mapafuni, mapafu yanazidiwa, huku figo na utumbo vikipungukiwa. Siku za mwanzo stethoskopu inaweza isisikie chochote.

Hapo daktari hupitisha mkono kwenye kidirisha cha inkubeta na kuweka jeli ya uvuguvugu, maana ya baridi humpoza mtoto haraka. Kichwa cha mashine, kidogo kama ncha ya kidole gumba, huwekwa juu kidogo kifuani, upande wa kushoto. Damu inayokuja kuelekea kifaa huonyeshwa nyekundu, inayokwenda mbali nacho bluu. Mkondo mwekundu ukitoka aota kuingia ateri ya mapafu, mshipa uko wazi. Upana wake hupimwa kwa milimita, kisha huamuliwa: kungoja, au kutoa ibuprofeni, indomethasini au parasetamoli.

Eko hii ya kando ya kitanda, inayofanywa na daktari wa watoto wachanga mwenyewe, ningeiita "eko lengwa": inajibu swali moja la matibabu. Isichanganywe na eko kamili ya daktari bingwa wa moyo wa watoto, ambayo hukagua kama moyo umeumbika sawasawa. Tofauti hiyo ni ya uhai. Wako watoto waliozaliwa na kasoro ambao mshipa uleule ndio unaowaweka hai. Wao hupewa prostaglandini ili usijifunge, na kuufunga kwa dawa kabla ya kuujua moyo wao kunaweza kuwaua.