Mwanauchumi Asiye na Jimbo: Maria Kiwanuka na Hazina ya Uganda, 2011–2015

Tarehe 12 Juni 2014, wanawake wawili walisoma bajeti za nchi mbili jirani siku hiyo hiyo. Dodoma alisimama Saada Mkuya Salum, Waziri wa Fedha wa Tanzania, akasoma kwa Kiswahili. Kampala alisimama Maria Kiwanuka, Waziri wa Fedha wa Uganda, akasoma kwa Kiingereza. Hawakupanga kukutana hivyo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikuwa na desturi ya kusoma bajeti zao siku moja mwezi Juni, kwa kuwa mwaka wao wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kama ulivyo hapa Australia.

Kwetu sisi tunaosoma Kiswahili Sydney, cheo cha "Waziri wa Fedha" kinahitaji maelezo kidogo. Katika serikali ya Canberra kazi hiyo imegawanywa. Waziri wa Fedha husimamia matumizi ya serikali, na Mweka Hazina ndiye anayesoma bajeti mwezi Mei. Margaret Guilfoyle alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa Australia, mwaka 1980, na baada yake wamekuja wengine, wakiwemo Penny Wong na Katy Gallagher. Kiti cha Mweka Hazina wa serikali ya shirikisho, hata hivyo, hakijawahi kukaliwa na mwanamke. Afrika Mashariki kazi zote mbili ziko mikononi mwa waziri mmoja. Zakia Meghji alikabidhiwa Hazina ya Tanzania mwaka 2006. Uganda ilimpata Syda Bbumba mwaka 2009, kisha Kiwanuka mwaka 2011. Kwa hiyo katika jambo hili wenzetu wametangulia.

Lakini kutangulia ni jambo moja, na kuwa na uwezo wa kuamua ni jambo jingine. Miaka minne ya Kiwanuka inatuonyesha tofauti hiyo waziwazi, ndiyo maana nimemchagua yeye.

Maria Kiwanuka alizaliwa mwaka 1955. Alisoma Gayaza, shule ya bweni ya wasichana iliyoanzishwa mwaka 1905 karibu na Kampala, kisha akachukua shahada ya biashara Chuo Kikuu cha Makerere na shahada ya uzamili katika usimamizi wa biashara London. Alifanya kazi Benki ya Dunia kwa zaidi ya miaka 10. Aliporudi nyumbani aliingia katika biashara, akaongoza kituo cha Radio One mjini Kampala, na akakaa katika bodi za mabenki. Mei 2011 Rais Yoweri Museveni alimteua kuwa Waziri wa Fedha, Mipango na Maendeleo ya Kiuchumi.

Hakuwa mbunge. Katiba ya Uganda inamruhusu rais kuteua waziri kutoka nje ya Bunge. Waziri wa namna hiyo huingia bungeni kwa wadhifa wake, huzungumza na kujibu maswali, lakini hapigi kura. Kiwanuka hakuwa na jimbo wala wapiga kura wa kumtetea. Alichokuja nacho ni elimu yake, uzoefu wake, na imani ya mtu mmoja aliyemteua.

Alipokea mzigo mzito. Mapema mwaka huo serikali ilikuwa imechota kiasi cha dola milioni 740 kutoka akiba ya fedha za kigeni ili kununua ndege za kivita kutoka Urusi. Aprili, Kizza Besigye na wenzake walikuwa wameanza maandamano ya kwenda kazini kwa miguu, kulalamikia bei za mafuta na chakula. Kufikia Oktoba 2011 mfumuko wa bei ulipita asilimia 30. Benki Kuu, chini ya Gavana Emmanuel Tumusiime-Mutebile, ilipandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 13 mwezi Julai hadi asilimia 23 mwezi Novemba. Bei zilitulia, mwishoni mwa mwaka 2012 mfumuko ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 6. Lakini mfanyabiashara mdogo aliyekopa ili kujaza duka lake aliumia kwa riba hizo, na serikali yenyewe ilitakiwa kubana matumizi.

Ndipo ukaja mvutano wa Septemba 2012, ambao naona ndio kiini cha historia hii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 ulikuwa umekadiria kwamba wanawake 438 hufariki kwa uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Vituo vya afya vijijini vilikuwa na majengo, lakini wakunga na waganga walikuwa wachache. Wabunge, wakiwemo wengi wa chama tawala cha NRM, walikataa kupitisha bajeti mpaka zipatikane fedha za kuajiri watumishi wa afya. Spika alikuwa Rebecca Kadaga, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho nchini humo. Serikali ilishikilia kwamba fedha hizo hazipo.

Tutazame pande zote mbili. Kwa mtu wa Hazina, kila shilingi inayoongezwa mahali fulani lazima itolewe mahali pengine au ikopwe, na nchi ilikuwa imetoka tu kwenye mfumuko mkali. Hiyo ni hoja ya kiuchumi, nayo si ya kudharauliwa. Kwa mbunge wa kijijini, nchi iliyopata mamia ya mamilioni ya dola kwa ajili ya ndege haiwezi kumwambia mama mjamzito kwamba fedha hazipo. Hiyo nayo ni hoja ya kiuchumi, maana inauliza ni nani aliyepanga vipaumbele. Ndege zile zilinunuliwa kabla Kiwanuka hajaingia ofisini, lakini yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kueleza kwa nini mfuko ni mtupu.

Mwishowe serikali ilikubali kutenga shilingi bilioni 49.5 za kuajiri watumishi wa afya 6,172 katika vituo vya ngazi ya tatu na ya nne, na mshahara wa madaktari wa vituo vya ngazi ya nne ukapandishwa. Fedha zilizosemekana hazipo zilipatikana. Waliozipata ni wabunge waliogoma, na wananchi waliowapigia kelele.

Mwezi uliofuata likazuka jambo jingine. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, John Muwanga, alitoa ripoti juu ya fedha za misaada zilizochotwa katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Fedha hizo zilikusudiwa kuijenga upya kaskazini mwa Uganda baada ya miaka mingi ya vita. Ireland, Uingereza, Denmark, Norway na wengine walisimamisha misaada, na Uganda ikalazimika kuirudishia Ireland euro milioni 4. Wizi haukufanyika katika meza ya Kiwanuka, ila pengo la bajeti lilikuwa lake. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Bajeti ya Juni 2013 ilitegemea vyanzo vya ndani kwa zaidi ya asilimia 80, na miongoni mwa kodi mpya ilikuwamo ile ya asilimia 10 juu ya ada za kutuma fedha kwa simu. Wapo waliosifu nchi kujitegemea. Lakini tukumbuke nani hutuma fedha kwa simu: ni kijana wa mjini anayemtumia mama yake kijijini. Kwa njia hiyo sehemu ya pengo ililipwa na watu wasiowahi kuiona ofisi iliyoibiwa.

Je, alibadilisha lolote? Naona mabadiliko yake yalikuwa zaidi katika taratibu. Mwaka 2013 wizara ilianza kukusanya fedha za serikali katika akaunti moja ya Hazina, ili kupunguza utitiri wa akaunti ambamo fedha hupotea. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2014 na kutiwa saini na rais Februari 2015. Sheria hiyo iliunda mfuko wa mapato ya mafuta, ikabana bajeti za nyongeza, na ikataka bajeti ipitishwe kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Awali Bunge liliweza kujadili hadi Septemba wakati matumizi yameshaanza, kama ilivyotokea mwaka 2012.

Siku chache baada ya saini hiyo, tarehe 1 Machi 2015, Kiwanuka aliondolewa katika wizara na kufanywa mshauri wa rais. Nafasi yake ilichukuliwa na Matia Kasaija, mwanasiasa mzoefu na mbunge mwenye jimbo lake.

Wanafunzi wenzangu huuliza kama wanawake hawa walikuwa pambo tu. Nadhani swali hilo linamtazama mtu na kuisahau kazi yenyewe. Kiwanuka hakukosa ujuzi, na sioni kwamba kuwa mwanamke ndiko kulikomfunga. Katika mambo makubwa ya miaka ile, uamuzi ulifanyika mahali pengine: akiba ya dola iliamuliwa Ikulu, watumishi wa afya waliamuliwa bungeni, misaada iliamuliwa Dublin na London. Waziri asiye na kura wala jimbo alibaki na kalamu ya kutunga kanuni, naye aliitumia. Kama kanuni hizo zinafuatwa au la, hilo sasa ni deni la waliobaki ofisini, na la wabunge ambao mwaka 2012 walionyesha kwamba fedha zikidaiwa kwa nguvu hupatikana.