Kalkriese: Uwanja wa Vita na Jina Lake

Kwa karne nyingi vita ambavyo Wajerumani wa kale waliwashinda Warumi, katika mwaka wa 9 baada ya Kristo, vilijulikana kwa vitabu tu. Liwali wa Rumi, Publius Quinctilius Varus, alikuwa akiongoza lejioni tatu, ya 17, ya 18 na ya 19, zilipotiwa mtegoni na Arminius, kijana wa kabila la Wacherusci ambaye alikuwa ametumika katika jeshi la Rumi na kupewa uraia wake. Lejioni zote tatu ziliangamia, wala nambari zake hazikupewa tena jeshi lolote. Waandishi wa kale walisimulia habari za misitu, mvua na matope; lakini hapana aliyepaeleza mahali penyewe kwa namna ambayo msafiri angeweza kupafikia.

Tacitus aliacha jina moja, msitu wa Teutoburg. Basi wasomi wa Ujerumani walilichukua jina hilo wakalibandika juu ya safu ya milima iliyokuwa ikiitwa Osning. Hivyo kitabu kiliupa mlima jina, kisha mlima ukafanywa shahidi wa kitabu! Katika mwaka wa 1875, mbele ya Kaizari Wilhelm I, ilizinduliwa karibu na Detmold sanamu ya Arminius, ambayo pamoja na msingi wake ina kimo cha mita 53 hivi, nayo imeelekezwa magharibi, upande wa Ufaransa. Mabaki ya vita vya Varus hayakuonekana pale. Tena yafaa kukumbuka kwamba taifa hilohilo, lililomtukuza mtu aliyewavizia wavamizi wa nchi yake, lilipotewa na kikosi chake huko Lugalo, katika nchi ya Wahehe, tarehe 17 Agosti 1891; na ukumbusho lililoujenga huko ulikuwa wa Zelewski, si wa Mkwawa.

Mtu aliyekaribia ukweli alikuwa Theodor Mommsen. Katika mwaka wa 1885 alizichunguza sarafu za Kirumi zilizookotwa na wakulima wa Kalkriese, kaskazini ya mji wa Osnabrück, na kuhifadhiwa na jamaa yenye shamba kubwa la Barenaue. Alisema kwamba vita vilipiganwa hapo. Wengi hawakukubali: sarafu zile zilikuwa za dhahabu na fedha, na ziko wapi za shaba, ambazo ndizo fedha za askari wa kawaida? Hoja hiyo haikuwa ya upuuzi, na jambo likalala kwa miaka mia moja.

Lilizinduliwa na Tony Clunn, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa akikaa Osnabrück, ambaye wakati wa faragha yake alipenda kutafuta vitu vya kale kwa chombo cha kutambulia madini. Sifa yake kubwa ni kwamba alikwenda kwanza kwa mwanaakiolojia wa wilaya, Wolfgang Schlüter, akamwomba shauri. Mwaka wa 1987 aliona dinari nyingi za fedha. Lakini sarafu huweza kuwa akiba ya mfanyabiashara aliyeizika kwa hofu ya wezi. Kilichokata shauri kilikuwa kitu duni: vipande vitatu vya risasi, vyenye umbo la yai jembamba, alivyoviona mwaka wa 1988. Hivyo ni vitu vya kurushwa kwa teo, na mfanyabiashara havimhusu. Uchimbaji ulianza mwaka wa 1989, na haukupita muda mrefu ikapatikana barakoa ya chuma ya askari, ambayo zamani ilifunikwa kwa bamba la fedha. Zilitoka pia sarafu za shaba ambazo Mommsen alizikosa, nyingine zimepigwa chapa ya VAR, yaani jina la Varus.

Kama vitu hivyo vilihifadhika, shukrani ni kwa wakulima wa Zama za Kati. Walikuwa wakikata nyasi pamoja na udongo wake, wakazitandika zizini, kisha wakazitandaza shambani kuwa mbolea, mwaka baada ya mwaka, mpaka uwanja wa vita ukafunikwa kwa blanketi nene la udongo ambalo jembe halikuweza kulipenya.

Haukosi, basi, mashaka. Bustani ya ukumbusho ilifunguliwa mwaka wa 2000, na nyumba ya makumbusho mwaka wa 2002. Zote zilitangazwa kwa jina la Vita vya Varus. Siwalaumu waliotaka wageni waje: uchimbaji hula fedha nyingi, na fedha hazitolewi kwa ajili ya “vita fulani vya zama za Augustus.” Lakini jina likishaandikwa mlangoni, mtaalamu anayefanya kazi ndani huona uzito kulitilia shaka. Wako wataalamu waliosema kwamba mabaki yale yaweza kuwa ya vita vya Germanicus vya mwaka wa 15, maana askari wake pia waliweza kuchukua sarafu za zamani. Hata lile boma la udongo, lililoelezwa kwa miaka mingi kuwa ni ukuta waliojifichia Wajerumani, baadaye limedhaniwa na wachimbuzi wengine kuwa ni sehemu ya kambi ya Warumi wenyewe. Heri waliojenga bustani waliweka humo vibanda vitatu: cha kuona, cha kusikia na cha kuuliza.

Kwa maoni yangu mizani inamwelekea Varus. Yako mashimo manane ya mifupa, ya watu na ya nyumbu wa mizigo pamoja, mifupa iliyokaa juu ya ardhi miaka kadha kabla ya kuzikwa. Na Tacitus asimulia kwamba askari wa Germanicus waliizika mifupa ya wenzao miaka sita baada ya vita. Tena mwaka wa 2022 watafiti walitangaza kwamba madini ya vyombo vya Kalkriese yanafanana na ya Dangstetten, ilipopata kukaa lejioni ya 19.

Deraya ya mabamba ya chuma iliyopatikana huko mwaka wa 2018 yatueleza zaidi habari za mtu mmoja. Ilikuwa karibu kamili, na pamoja nayo kulikuwa na pingu ya chuma ya kufungia shingo na mikono, ya namna ambayo Warumi waliichukua vitani kwa ajili ya mateka wao. Wachimbuzi wanadhani kwamba aliyefungwa kwa pingu hiyo ni Mrumi mwenyewe aliyeivaa deraya.