Nakala ya data isiyofuatwa na idhini ni hatari

BENKI, hospitali na vyuo vikuu huweka rekodi zao katika hifadhidata, na aghalabu hifadhidata hiyo haiwi moja. Seva kuu hupokea mabadiliko, nazo seva nyingine, pengine zilizo katika mji tofauti, huyanakili. Seva kuu ikiharibika, nakala hushika nafasi yake.

Hata hivyo, orodha ya wanaoruhusiwa kusoma au kubadilisha rekodi hizo haiandamani nazo daima.

Athari zake ni za aina mbili. Daktari aweza kunyimwa rekodi za mgonjwa usiku seva kuu inapozimika, kwa kuwa jina lake halikufika kwenye nakala. Au mfanyakazi aliyefutwa kazi huondolewa katika seva kuu, ilhali neno lake la siri lingali linafanya kazi kwenye nakala. Kasoro ya kwanza hugunduliwa mara moja. Ya pili yaweza kukaa miezi bila yeyote kujua.

Chanzo hutegemea programu inayotumiwa. Katika SQL Server ya kampuni ya Microsoft, jina la kuingilia huwekwa katika hifadhidata ya mfumo iitwayo master, nazo haki za mtumiaji huwa ndani ya hifadhidata ya kazi. Viwili hivyo huunganishwa kwa nambari ya utambulisho. Hifadhidata ya kazi ikinakiliwa peke yake, kisha jina lilelile lisajiliwe upya kwenye seva ya pili, nambari huwa nyingine na mtumiaji huachwa yatima. Dawa ni kulisajili jina pamoja na nambari yake ya awali. Toleo la 2022 lilileta njia ya kunakili majina hayo pamoja na data.

MySQL huweka idhini katika hifadhidata yake iitwayo mysql. Msimamizi akiagiza kwamba hifadhidata chache tu ndizo zinakiliwe, amri za kutoa na kufuta idhini zaweza kuachwa nje.

Kwa upande wa PostgreSQL, unakili wa moja kwa moja wa seva nzima, uliokuja na toleo la 9.0 mwaka wa 2010, hubeba majina na idhini. Ule wa kuteua majedwali, ulioingia katika toleo la 10 mwaka wa 2017, hauzibebi. Hata katika unakili wa seva nzima, mabadiliko ya faili ya pg_hba.conf, inayoamua nani aunganishwe na kutoka wapi, sharti yapelekwe na msimamizi mwenyewe.

Kinga yake ni nidhamu. Majina yasimamiwe mahali pamoja, na kila badiliko litumwe kwa seva zote kwa utaratibu mmoja. Anayeondoka kazini afungiwe kote siku hiyohiyo. Orodha za seva zilinganishwe mara kwa mara, na zoezi la kuhamia kwenye nakala lifanywe na watumiaji wa kawaida, kwani msimamizi mwenye mamlaka yote hawezi kuona mlango uliofungiwa wengine.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inawataka wanaohifadhi habari za watu kuzilinda kwa mbinu za kiufundi na za kiusimamizi. Mgonjwa ambaye siri yake imevuja hapati nafuu yoyote kwa kuambiwa kwamba ilitoka kwenye nakala.