Milango inayofunguka yenyewe ni haki kwa wafanyakazi walemavu

MLANGO mzito wa kioo katika lango la ofisi ni jambo dogo kwa mtu mwenye viungo timamu. Kwa mfanyakazi anayetumia kiti cha magurudumu, mlango huo ni ukuta anaokabiliana nao kila asubuhi kabla hata ya kuanza kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Anayeendesha kiti hicho huhitaji mikono yote miwili kusukuma magurudumu, hivyo hubaki bila mkono wa kuvuta mlango. Anayetembea kwa magongo naye akiachilia gongo moja ili ashike kishikio, huenda akaanguka.

Kwa muda mrefu, ofisi nyingi nchini zimetegemea askari wa langoni kuwafungulia. Lakini askari huitwa kwingine, na milango ya ndani haina askari. Isitoshe, mtu mzima anayelazimika kuomba afunguliwe kila anapokwenda msalani au mkutanoni hunyimwa uhuru ambao wenzake hawaufikirii kamwe.

Hapo ndipo umuhimu wa mlango unaofunguka wenyewe unapodhihirika. Teknolojia hii si ngeni. Wamarekani Dee Horton na Lew Hewitt waliubuni mlango wa aina hiyo wenye kuteleza kando mnamo 1954 huko Texas, baada ya kuona jinsi upepo mkali ulivyotatiza milango ya kawaida.

Miaka hiyo mlango ulifunguka mtu alipokanyaga mkeka maalumu. Siku hizi vihisi vilivyowekwa juu ya mlango humtambua anayekaribia na kuamrisha mota iufungue. Kuna pia milango inayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe kikubwa ukutani, ambacho sharti kiwe mahali ambapo aliyeketi anaweza kukifikia.

Hata hivyo, mota pekee haitoshi. Nafasi ya kupita yapaswa kuwa pana. Viwango vya Marekani, kwa mfano, vinataka isipungue milimita 815. Mlango ukae wazi kwa muda wa kumtosha anayetembea polepole, na uwe na kihisi cha kuuzuia usimfungie mtu njiani.

Mlango wa kuteleza hufaa zaidi kwa kuwa haumgongi mtu asiyeona, tofauti na ule unaofunguka ghafla kumwelekea. Nao mlango wa kuzunguka haupitiki kwa urahisi kwa kiti cha magurudumu, hivyo uwe na mwingine kando yake. Na ikiwa kuna ngazi nje, bila njia ya mteremko, gharama yote hiyo ni kazi bure.

Suala la umeme nalo si la kupuuzwa. Mnamo Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima. Kwa hivyo mlango uwe na betri ya akiba, au uweze kusukumwa kwa mkono bila nguvu nyingi. Moto unapozuka, tofauti hiyo ni ya uhai na kifo.

Mwajiri asiye na fedha nyingi aweza kuanza na lango kuu na msala. Kwingineko, amwite fundi alegeze springi ya kifaa kinachoufunga mlango ili usukumike kwa urahisi. Lililo muhimu ni kuwauliza kwanza wafanyakazi wenyewe ni mlango upi unaowasumbua.

Huu si wema wa hiari. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwatengea angalau asilimia tano ya nafasi za kazi.

Nafasi hizo hazitakuwa na maana iwapo aliyeajiriwa atabaki nje akisubiri msamaria mwema amfungulie.